Hakuna Aliyeuiba Mto wa Cheptuiyet

14 Oktoba, Kericho

Saa nane mchana mvua ilishuka kama ilivyo desturi ya Kericho, ikayapiga mabati ya ofisi hadi tukaacha kuongea. Katikati ya kelele hiyo Injinia Kiptanui, mkuu wangu, alikuja mezani kwangu kuuliza kama hesabu za mto Cheptuiyet zimekamilika.

"Zimekamilika," nikamwambia. "Maji hayatoshi."

Alicheka, akanionyesha dirisha. "Akeyo, hebu angalia nje kwanza."

Hiyo ndiyo shida ya kazi yangu. Ninakaa mbele ya kompyuta nikikadiria mvua iliyonyesha milimani, kiasi ambacho udongo umekunywa, kiasi ambacho msitu na majani chai vimekirudisha hewani, na kile kinachobaki kikitiririka mtoni. Kisha natoa kinachochotwa njiani: mji, kiwanda, shule, ng'ombe. Nimeipitisha modeli yangu katika mvua ya miaka yote iliyorekodiwa. Miezi mingi Cheptuiyet una maji ya kugawa. Lakini Januari na Februari, karibu kila mwaka, kinachobaki hakitoshi hata kulowesha mdomo wa paipu. Na paipu hiyo ndiyo inayotarajiwa kuteremka kutoka huku kwenye majani chai hadi Chebunyo, kule chini Chepalungu, ambako watu wanaingojea tangu kabla sijazaliwa.

"Rudia," Kiptanui akasema.

17 Oktoba

Nimerudia. Ni vilevile.

21 Oktoba

Ripoti imeondoka. Kiptanui ameandika kwamba kwa wastani wa mwaka mzima maji yanatosha. Si uongo. Ukichukua mafuriko ya Mei ukayagawa kwa miezi yote, kila mwezi unapata fungu lake. Nilimwuliza watu wa Chebunyo watakunywaje wastani.

"Wafadhili wanataka maji ya mwaka mzima," alisema bila kuniangalia. "Nikiandika miezi kumi, hawatoi kitu. Ni hii ama hakuna. Unanielewa?"

Nilienda nyumbani nikamwambia baba kwamba bosi wangu ni mwoga. Baba alikuja huku kutoka Nyakach, kule kwetu ziwani, akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani mpaka akastaafu, na hakurudi tena. Aliendelea kumimina chai.

"Na wewe, nyara, binti yangu, umemwambia nani mwingine?"

Sikuwa nimemwambia mtu.

28 Oktoba, Chebunyo

Nimekuja kufunga kipimo cha mvua katika boma la Chemutai, mwenyekiti wa akina mama wanaochimba mtaro wa paipu. Ni mwanamke mrefu, sauti yake inafika mbali bila kupazwa. Huku udongo ni mweupe na mgumu, na jembe likigonga linalia kama linagonga sahani. Hata hivyo mtaro umenyooka kuliko barabara. Wanachimba wakiimba nyimbo za kanisani.

Mwanawe, Kipkurui, amechaguliwa kuwa mlinzi wa paipu. Alinitembeza kwa furaha, mke wake Nelvine akifuata nyuma na mtoto mgongoni. Hapa tangi, hapa mifereji ya kuchotea, hapa bomba la kunyweshea ng'ombe. Kando ya mahali pa tangi kuna silanga, bwawa la zamani ambalo wazee walichimba kukinga maji ya mvua. Lori la mkandarasi lilikuwa linamwaga mchanga wa mtaro ndani yake.

Jioni Chemutai alinipa mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, katika kikombe kikubwa. Nilingoja hadi tukabaki wawili, nikamweleza yote. Nilimchorea mto kwa kijiti chini, nikamwonyesha nani anachota wapi, na mwezi gani mto unaisha.

Aliuinamia mchoro. "Miezi miwili?"

"Labda mitatu, mvua ikikosa."

"Madam, mimi nimekaa miezi kumi na mbili bila maji, miaka yangu yote. Miezi miwili itanifanya nini?"

Nilimwambia basi angalau wasikubali silanga ijazwe udongo, kwa sababu Januari wataihitaji.

"Silanga hiyo ilinipa taifodi mara nyingi," alisema. "Ilimlaza Nelvine hospitali akiwa na mimba. Wacha ijazwe. Mimi mwenyewe nilisema ijazwe."

2 Novemba

Mawingu, kisha upepo. Hakuna mvua Chebunyo. Kericho manyunyu.

9 Novemba

Kipkurui hunitumia kipimo kila asubuhi kwa simu. Leo: "Hakuna kitu madam, lakini mbingu iko na sura nzuri."

16 Novemba

"Hakuna kitu."

20 Novemba

Mvua ya vuli imetuacha. Hata huku juu majani chai yameanza kubadilika rangi, na wachumaji wanarudi mapema kwa kukosa cha kuchuma. Mvua kama hii inapokosekana, udongo haushibi, na udongo usioshiba hauna cha kuupa mto baadaye. Nimeweka takwimu mpya kwenye modeli. Cheptuiyet hautangoja Januari. Utatuishia kabla ya Krismasi.

Niliingia kwa Kiptanui nikamwomba aahirishe ufunguzi, ama awaambie watu wasiuze punda wao wa kubebea maji wala wasimalizie kufukia silanga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanifukuza.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Ndio."

"Modeli yako imewahi kukosea?"

"Imewahi."

"Basi wacha nami niombe ikosee."

5 Desemba, Chebunyo

Nataka kuiandika siku hii vizuri.

Maji yalifika. Kwanza paipu ilikohoa, ikatema hewa na matope mekundu ya huko kwetu, watoto wakakimbia. Halafu yakaja meupe. Mheshimiwa mbunge alikuwa bado anahutubia lakini hakuna aliyekuwa na habari naye. Akina mama walivua viatu wakasimama kwenye lile dimbwi chini ya mifereji. Chemutai alijaza mikono yake, akanywa, akanijia nyuma akanimwagia yaliyobaki shingoni.

"Modeli!" akapaza sauti, akicheka. "Modeli, kunywa!"

Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya mizizi na majani, kama maji ya nyuma ya nyumba tulimokulia kwenye laini ya wafanyakazi wa kiwanda. Nilicheka nao. Kwa muda nilisahau kila nilichokijua.

Kiptanui hakuwa jukwaani. Nilimkuta nyuma ya tangi, miwani mkononi, akifuta macho kwa tai. Sikujua kwamba yeye ni wa hapa, kwamba boma lao lilikuwa pale penye mti wa mgunga. Mama yake alianguka njiani akitoka mtoni, mtungi mgongoni, Kiptanui akiwa shule ya bweni. Walimpata jioni, amekwisha kufa.

"Alikuwa ameshika mtungi usimwagike," alisema.

Nimekuwa nikimwita mwoga. Si mwoga. Ni mtu aliyeweka watu wake wote juu ya mvua moja na kufumba macho.

12 Desemba

Kipkurui amepanda nyanya na sukuma wiki nyuma ya tangi. Amenitumia picha.

19 Desemba

Mto umeshuka. Mkondo kwenye mdomo wa paipu ni mwembamba kama mkono wangu. Foleni Chebunyo inaanza alfajiri.

23 Desemba

Nilimpigia Chemutai nikamwambia wajaze kila chombo walicho nacho. Alisema wanajaza. Hakucheka.

27 Desemba

Maji yamekatika.

2 Januari, Kericho

Mbingu haina hata wingu la kudanganya watoto. Baba anakaa nje akiuangalia mteremko, anasema hajawahi kuona majani chai yakiwa hivi. Kipkurui amepiga tena.

"Madam, watu wanasema huko juu wamefunga valvu."

"Hakuna aliyefunga. Mto umekauka, Kipkurui."

"Mto haiwezi kukauka huko. Huko ni kijani. Mimi nimeona kwa macho yangu, siku ile nilikuja ofisini."

Nilimweleza kwamba majani chai ni mti wenye mizizi mirefu, unaweza kuwa kijani na mto ulio chini yake ukawa mawe matupu. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu wa kanisa lingine.

8 Januari, Chebunyo

Ofisi ilinituma kwenye baraza ya chifu niwaeleze. Kiptanui alitaka kuja, wakubwa wakamkataza. Niliegesha gari penye vumbi, nikapita kando ya silanga iliyojazwa. Sasa ni kiwanja, watoto wanachezea mpira hapo. Nyanya za Kipkurui zimesimama kavu kwenye vijiti vyake. Watu wanakwenda tena mtoni kule bondeni kufukua mchanga wapate maji, na kwa kuwa wengi waliuza punda, wanabeba kwa migongo.

Nilikuwa nimechapisha ramani kubwa. Nikaeleza polepole, kwa Kiswahili, na pale niliposhindwa, kwa Kipsigis. Nilisema mvua ilikosa, udongo haukushiba, mto ukaisha ukiwa bado juu kabisa, hata wale wa huko wanahangaika. Nilisema: hakuna mwizi. Nikarudia, kwa sababu niliona sura zao. Hakuna mwizi.

Mzee mmoja akasimama. "Huyu ni msichana wa ziwa. Kwao maji iko mpaka inawasumbua. Atajua nini mambo ya mto yetu?"

Watu wakacheka kidogo. Nikasema nimezaliwa Kericho, baba yangu ameacha mgongo wake katika kiwanda cha chai. Hilo halikumhusu mtu yeyote.

Nilimtafuta Chemutai kwa macho. Yeye ndiye peke yake niliyemweleza tangu mwanzo, aliyeuona mto nikiuchora chini kwa kijiti. Aliinuka taratibu, na watu wote wakanyamaza. Nikashusha pumzi.

"Ni kweli madam aliniambia maji itaisha," alisema. "Aliniambia hata kabla ya paipu. Lakini jiulizeni, alijuaje? Mtu anajuaje siku ambayo maji itaisha, kama hajui nani ataifunga?"

Makofi yakalipuka.

Baadaye nilimfuata hadi kwenye boma. "Mama, wewe unajua hiyo si kweli."

Alikuwa anakuna sufuria kwa majivu, bila maji. "Kama kuna mtu amefunga, tutaenda afungue," alisema. "Kama hakuna mtu, tutaenda wapi?"

11 Januari

Hakuna mvua.

13 Januari

Nelvine alinipigia asubuhi nikiwa ofisini. Alikuwa analia, nikapata maneno machache tu: wamepanda lori, wana mitarimbo, Kipkurui yuko mbele. Nikamkimbilia Kiptanui. Hakuomba ruhusa ya mtu. Tulichukua pikapu ya ofisi akaendesha mwenyewe, akikata kona za barabara ya majani chai mpaka nikashika mlango.

Tuliwakuta mtoni. Mahali pa kuchotea ni ukuta mdogo wa zege uliokinga mto, na nyuma yake palipokuwa na bwawa palikuwa na dimbwi lisilofika kwenye vifundo vya miguu, limejaa majani. Upande mmoja walisimama vijana wa Chebunyo. Upande wa pili wenyeji wa pale, wanaume kwa wanawake, wengine na rungu, wengine na mitungi mitupu waliyokuwa wamekuja nayo kuchota hilohilo dimbwi.

Kiptanui aliingia katikati na viatu vyake vya ofisini. Alizungumza nao kwa Kipsigis, akaita majina ya koo, akawaambia wote ni watu wa nyumba moja. Alikuwa na sauti nzuri. Nilifikiri atawaweza.

Kipkurui akasema hataki hotuba. Anataka kuiona paipu ya hawa wa juu, ile ya kijiji chao na shule yao, iliyotangulia mbele ya paipu ya Chebunyo. Kama kuna valvu iliyofungwa, ifunguliwe.

"Hata sisi hatuna," mzee wa pale akamjibu. "Njoo uone. Njoo na wenzako."

Wakaenda wote, hatua chache tu juu ya ukuta. Mzee akafukua mawe kwa mikono, akafungua kiungo cha paipu. Kipkurui akapiga magoti, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa. Ulikuwa mkavu, umeshika vumbi jepesi na utando wa buibui. Aliuinua wenzake wauone. Wote wakauona. Nami niliuona uso wake, ulikuwa wa mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Hakuwa na hasira tena. Alikaa chini palepale.

Ilipaswa kwisha hapo. Naandika hivi kwa sababu polisi wameniuliza tena na tena jioni hii, na kila mara jibu ni lile lile: ilikuwa imekwisha. Kila mtu alikuwa ameona.

Halafu nyuma mtu akasema maneno, mwingine akamjibu, nikasikia mtarimbo ukigonga ukuta wa zege. Wanawake wa pale wakapiga kelele kwamba wanavunjiwa. Jiwe likaruka. Sijui lilitoka upande gani. Lilimpata Kipkurui nyuma ya sikio, bado amekaa, akaanguka polepole kama mtu anayelala.

Wote walikimbia, wa juu na wa chini. Mzee yule pekee alibaki, akatusaidia kumbeba. Niliketi na Kipkurui nyuma ya pikapu, kichwa chake mapajani mwangu, koti langu limekunjwa chini ya sikio. Alikuwa anapumua kwa kukoroma. Nilimwita jina lake njia nzima. Tulipokuwa tunaikaribia lami kukoroma kukakoma, na mimi nikaendelea kumwita, kwa sababu sikutaka Kiptanui aache kuendesha.

14 Januari

Polisi wamewakamata watu wa pale juu, yule mzee akiwa mmoja wao. Nimeandikisha taarifa kwamba hakurusha kitu. Hawajamwachilia.

20 Januari, Chebunyo

Tumemzika. Maji ya kupikia wageni yaliletwa na kanisa kwa lori kutoka Mulot. Kiptanui alisimama nyuma ya watu wote, hakuombwa kusema. Nelvine hakulia. Alikuwa akimtikisa mtoto tu, hata baada ya mtoto kulala.

Watu walinipisha nilipopita. Sijui ni heshima au ni nini.

24 Januari

Kiptanui ameandika barua ya kuacha kazi. Nilimkuta akipanga vitu vyake kwenye kasha.

"Ningewaambia miezi kumi, wangekosa paipu," alisema. "Nimewaambia kumi na mbili, wamemkosa kijana. Wewe una modeli. Niambie ningechagua lipi."

Niliona kwamba anauliza kwa kweli, kwamba anangoja. Siwezi tena kumwita mwoga. Kumsamehe pia siwezi. Nilimsaidia kubeba kasha hadi kwenye gari.

30 Januari

Hakuna mvua.

9 Februari

Kaimu mkuu mpya anaitwa Beverly. Ni mtu mpole, ametoka Nairobi. Leo ameniomba hesabu za awamu ya pili: wanataka kuiongeza paipu ifike hadi Ndanai. Wafadhili wameridhika, kwa sababu katika kipindi cha ripoti maji yalifika Chebunyo, na picha za akina mama wakiwa miguu peku zimewapendeza sana. Nilimpa hesabu za Januari. Akazirudisha jioni na kijikaratasi kizuri cha rangi ya njano: tafadhali tumia wastani.

10 Februari

Nimezituma tena za Januari.

13 Februari

Beverly amempa kijana mwingine hiyo kazi.

24 Februari, Chebunyo

Nilikuja kuchukua kipimo cha mvua, ofisi imesema kimekwisha kazi. Nilikikuta kimefunikwa vumbi, ndani mna nzi aliyekauka. Chemutai alikuwa anatoka na mtungi, anakwenda mtoni. Amekonda, na ile sauti imerudi ndani. Nilimwamkua, "Chamgei, mama," akaitikia. Hatukuwa tumezungumza tangu baraza ile. Nilisimama na funguo za gari mkononi nikijiandaa kusema nilichokuja nacho, kwamba nasikitika, kwamba nilipaswa kusema kwa nguvu zaidi, kwamba yeye pia alipaswa kusema. Hakunipa nafasi.

"Mvua itakuja lini?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Ya Machi mwaka huu hakuna anayejua. Inaweza kuja mapema. Inaweza kukosa."

Alinitazama, si kwa chuki.

"Ile ya kukauka ulijua," alisema. "Hii ya kunyesha hujui."

"Sijui."

Aliingia ndani, akatoka na mtungi wa pili na kamba yake, akauweka miguuni pangu. Nelvine alikuwa ameshatangulia na mtoto, nikauona mgongo wake mbali kwenye ile njia nyeupe inayoteremka mtoni. Nilirudisha funguo mfukoni, nikaufunga mtungi mgongoni, nikamfuata Chemutai. Jua lilikuwa limepanda. Mitungi mitupu ilitugonga migongoni kila hatua.